Kent: mabingwa mara nane walioshushwa daraja mezani

Chukua karatasi na kalamu, uandike mabingwa wote wa Ubingwa wa Kaunti wa kriketi ya wanawake nchini England, tangu ulipoanza 1997 hadi ulipozikwa 2019. Ni misimu 23. Yorkshire walichukua sita ya mwanzo mfululizo, wakaongeza mmoja 2015, ikawa saba. Sussex sita. Lancashire mmoja, 2017. Hampshire mmoja, 2018. Kent nane: 2006, 2007, 2009, 2011, 2012, 2014, 2016 na 2019. Basi. Hakuna kaunti nyingine iliyowahi kulinyanyua kombe hilo.

Sasa geuza karatasi. Upande wa pili andika kaunti nane ambazo Bodi ya Kriketi ya England na Wales, yaani ECB, ilizitangaza Aprili 2024 kuwa ndizo zitakazokuwa na timu za wanawake za kulipwa, Daraja la Kwanza, kuanzia msimu wa 2025: Durham, Essex, Hampshire, Lancashire, Nottinghamshire, Somerset, Surrey na Warwickshire. Jumlisha mataji yao. Ni mawili. Mataji 21 kati ya 23 yamelala kwenye makabati ya kaunti tatu ambazo hazikuwemo kwenye hizo nane.

(Msomaji wa Kenya asijichanganye: kaunti tunazozisema hapa hazina gavana. Ni klabu za kriketi zilizobeba majina ya maeneo ya zamani, na mipaka yake serikali iliacha kuifuata siku nyingi.)

Kwenye soka tunalo neno la jambo hili. Timu ikipewa au ikinyang'anywa kitu bila mpira kupigwa, tunasema mambo yamemalizwa mezani. Kent, timu yenye mataji mengi kuliko zote, ilipangiwa Daraja la Pili mezani. ECB haitalipenda neno "kushushwa", na kikanuni ina haki. Mfumo ulikuwa mpya, madaraja yenyewe yalikuwa hayajawahi kuwepo kwa sura hiyo, na mtu hawezi kushuka ngazi ambayo fundi bado anaichonga. Kaunti ziliandika maombi, maombi yakapimwa kwa vigezo vilivyotangazwa mapema, nane zikapita. Kent haikupita. Hapakuwa na njama, na sitaki mtu anisome kana kwamba nasema ilikuwepo.

Hata hivyo, tangu uamuzi ule utoke nimeona hoja ya Kent ikichukuliwa kama kilio cha mzee anayekuonyesha picha za ujana wake. Alikuwa bingwa, sawa, tumesikia, sasa asogee. Nadhani wanaosema hivyo hawajaisikiliza vizuri.

Ni kweli kwamba Kent ni watu wa kumbukumbu. Uwanja wao wa St Lawrence pale Canterbury ulikuwa na mti mkubwa ndani ya uwanja wenyewe, mpira ukiugonga unahesabiwa mikimbio minne, na walikaa nao hivyohivyo mpaka upepo ulipouvunja Januari 2005. Watu wanaoweza kuutungia mti kanuni ni rahisi kuwacheka. Wanayo pia hadithi ya Christiana Willes, dada yake John Willes, aliyekuwa akimrushia kaka yake mipira ya mazoezi karibu na Canterbury mwanzoni mwa karne ya 19. Wakati huo mpira ulirushwa kwa mkono wa chini. Sketi ilimzuia, akainua mkono, kaka akaona mpira unavyochachamaa, akaiga. Mwaka 1822 John alikwenda uwanja wa Lord's, London, na timu ya Kent, mwamuzi akamkatalia mrusho ule, naye akapanda farasi akaondoka. Wanahistoria wengine wanaguna kuhusu sehemu ya dada, kwamba sketi pana hazikuwa za wakati huo. Kwa kaka hawana ubishi. Mimi hadithi hiyo naipenda lakini siihitaji, kwa sababu hoja ya Kent inasimama kwenye mambo ya juzi tu.

Tuanze na Charlotte Edwards. Alizaliwa Huntingdon, katika eneo dogo ambalo halimo kwenye kaunti kubwa 18, akakua akicheza na wavulana. Mwaka 1996, akiwa na miaka 16, alivaa sketi ya England na kucheza mechi yake ya kwanza ya Test, ile kriketi ndefu ya kimataifa ya siku kadhaa. Desemba 1997, siku moja kabla ya kutimiza miaka 18, aliwafunga Ireland mikimbio 173 bila kutolewa, kwenye Kombe la Dunia nchini India. Kisha mwaka 2000 akajiunga na Kent, akabaki huko mpaka 2016. Yorkshire ndio walikuwa wafalme wa kombe alipofika. Kent hawakuwa na taji hata moja. Alipoondoka walikuwa nayo saba.

Mchezaji huyo, ambaye baadaye angeiongoza England kushinda Kombe la Dunia na lile la T20, yaani kriketi fupi, mwaka mmoja, 2009, aliwahi kuajiriwa katika kampuni ya kutengeneza magongo ya kriketi. Kriketi haikumlisha. Mikataba ya kwanza ya kulipwa kwa wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake ilikuja 2014, kwa watu 18. Kwa wale wa ngazi ya chini ya taifa, mikataba ya muda wote ilianza mwishoni mwa 2020, nayo ilikuwa 41 kwa nchi nzima. Kwa hiyo mataji yote nane ya Kent yalichukuliwa na kikosi ambacho wengi wao Jumatatu asubuhi walirudi darasani au kazini.

Hili ndilo naomba msomaji alishike. Ukiona timu ya kulipwa imechukua ubingwa mara nane, swali la kwanza ni nani aliyetoa hela. Ukiona timu ya ridhaa imefanya hivyo katika misimu 14, kuanzia 2006 hadi 2019, hela haijibu kitu. Kuna jambo jingine pale: makocha wa vijana wanaojua kazi, klabu za mitaani zinazopokea wasichana bila kuwafanyia hisani, wazazi wanaoendesha gari, na wakubwa wanaobaki ili wadogo wapate wa kumwangalia. Tammy Beaumont alizaliwa Dover, akajifunza mchezo katika klabu ya mji mdogo wa Sandwich, akaichezea Kent mara ya kwanza 2007 akiwa na miaka 16, upande mmoja na Edwards. Lydia Greenway alitoka hukohuko. Laura Marsh naye alizaliwa hukohuko. Wote watatu walifika England, na hapo sijataja wale ambao hawakufika lakini walijaza kikosi miaka kumi bila kulipwa.

Mkosoaji ana pa kushika hapa, na tumpe. Edwards si mtoto wa Kent. Nyota aliyehamia kutoka kwingine akaja na kombe, je, hiyo ni mizizi au ni bahati? Nakubali kwamba bila yeye mataji yangepungua. Ila lile la 2019, la nane na la mwisho, lilikuja miaka mitatu baada ya yeye kuondoka, na hakukuwa na kombe jingine baada yake. Ubingwa wenyewe ulifutwa mwaka ule. Kent ni bingwa mtetezi ambaye hajawahi kuambiwa atetee lini.

Sasa upande wa ECB. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, hata kama leo mnyonge ni bodi yenye mabilioni.

Hoja yake kubwa ni kwamba ile orodha ya mataji niliyoanza nayo, ukiisoma kwa jicho jingine, ni ushahidi wa ugonjwa. Angalia miaka 2003 hadi 2014. Misimu 12, mabingwa wawili tu: Sussex mara sita, Kent mara sita. Ni kaunti jirani, zinapakana. Kabla yao Yorkshire peke yao misimu sita. Yaani kwa miaka 18 mfululizo, msichana wa Durham, wa Taunton, wa Birmingham au wa Southampton hakuwahi kuona kombe kubwa la wanawake likija kwao. Bodi iliyopewa jukumu la mchezo wa nchi nzima ikitazama historia hiyo haioni urithi wa kulindwa. Inaona bomba lililotoboka, maji yote yanamwagika kona moja. Ikiwa leo una fedha za timu nane tu, utazirundika tena kusini mashariki ambako tayari Surrey, Essex na Hampshire wamekaa?

Hoja ya pili ni hela. Kila kaunti ya Daraja la Kwanza ilitengewa pauni milioni 1.3 kwa mwaka kutoka ECB, na bado inategemewa iongeze ya kwake: makocha, madaktari wa viungo, viwanja vya mazoezi ya baridi, vyumba vya kubadilishia nguo ambavyo havikopwi kwa timu ya wanaume. Surrey wana uwanja wa The Oval unaojaza watu zaidi ya 27,000. Kent hawako hapo, na mshabiki wao mkweli hatabisha. Mataji hayalipi mishahara. Juni 2023 tume huru ya usawa katika kriketi ilitoa ripoti iliyosema waziwazi kwamba wanawake wanachukuliwa daraja la pili katika mchezo huu, kwa malipo na kwa kila kitu. Baada ya ripoti kama ile, kosa baya kuliko yote lingekuwa kuwapa timu ya kulipwa watu wenye historia nzuri na akaunti nyembamba, kisha mwaka wa pili wachezaji wakacheleweshewa mishahara.

La tatu linaninyamazisha zaidi kuliko mengine. Katika uongozi wa juu wa ECB wakati huo alikuwepo Clare Connor, nahodha wa zamani wa England, mtoto wa Brighton, mchezaji wa Sussex. Sussex walinyimwa kama Kent walivyonyimwa. Anayetaka kusema uamuzi ulikuwa wa kujuana aanze kwanza kueleza hilo.

Kwa hiyo hoja za bodi zina uzito. Tatizo langu linaanzia kwenye ramani, kwa sababu ramani ndiyo iliyotumika sana kuwatuliza watu wa Kent, nayo haisomeki vizuri.

Wanasema Kent inahudumiwa na Surrey, jirani. Dover iko karibu zaidi na Ufaransa kuliko na The Oval. Kilomita 33 za maji mpaka Calais, zaidi ya 100 za barabara mpaka London. Mtoto wa miaka 13 anayetakiwa mazoezini jioni ya siku ya shule hasafiri kwa ramani. Anasafiri kwa gari la baba, na kazi ya nyumbani ya hesabu iko mapajani kiti cha nyuma. Kama baba hana gari au ana zamu ya usiku bandarini, habari imeishia hapo. Essex nao ni majirani ukitazama kwa ndege, lakini katikati yao na Kent kuna mto Thames na foleni yake. Halafu hizo kaunti zenyewe haziko zinakodhaniwa. The Oval iko Kennington, London. Uwanja wa pili wa Kent uko Beckenham, eneo ambalo tangu 1965 kiserikali ni London. Kama hoja ni kuwafikia wasichana wengi wa mji mkuu, kusini mashariki mwa London hapahitaji Surrey. Kent wako pale tayari, na nyasi wameshakata.

Halafu kuna mtiririko wa matukio, ambao ukiutazama tukio mojamoja hauonekani. Mwaka 2016 ECB ilianzisha Super League, ligi ya T20 ya wanawake yenye timu sita. Kent haikuwa na timu. Edwards, nahodha aliyeijenga Kent, alikwenda kuiongoza Southern Vipers ya upande wa Southampton, wakachukua taji la kwanza la ligi hiyo. Mwaka uleule Kent ikawa bingwa wa kaunti. Mwaka 2020 ukaja mfumo wa kanda nane. Kent ikaunganishwa na Surrey, timu ikaitwa South East Stars, jina likichukuliwa kutoka timu ya Surrey ya ile Super League. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya Kent kuwa bingwa tena. Stars wakashinda taji la kwanza la T20 la kanda, 2021. Kombe lile liliitwa Kombe la Charlotte Edwards. Kisha 2024 kanda zikavunjwa, Surrey wakapata Daraja la Kwanza, na wengi wa wachezaji wa Stars wakasaini Surrey, wakiwemo waliolelewa Kent.

Kwenye ndoa ile wawili walichangia mahari, talaka ilipotoka mmoja akaondoka na nyumba.

Naomba nirudi kwenye ile 21 kati ya 23, maana imeniganda. Mtetezi wa ECB atasema ile namba imeshapitwa na wakati. Yorkshire, wenye mataji saba, waliahidiwa siku ileile kupanda 2026, na Glamorgan 2027. Sawa, toa saba. Zinabaki 14 kati ya 23, zote za Kent na Sussex. Hata baada ya Daraja la Kwanza kupanuliwa hadi timu kumi, mataji zaidi ya nusu yote yaliyowahi kugombewa yako chini. Na Glamorgan? Hawana taji hata moja la Ubingwa ule kwa sababu nyepesi: hawakushiriki, Wales walicheza kama Wales. Simlaumu mtu kwa hilo. Wales ni nchi, na nchi nzima kukosa timu ya kulipwa ya wanawake ingekuwa aibu. Ila ukishakubali kwamba nchi isiyokuwa na taji inastahili nafasi kwa sababu ya watu wake, umekubali pia kwamba vigezo vinaweza kupinda pale panapokuwa na sababu ya kuvipindisha. Basi swali la Kent linakuwa: kwa nini miaka 14 ya kulea wachezaji haikuwa sababu?

Jibu la haraka ni kwamba kulea bado kunaendelea, hakuna aliyewakataza. Kent wana timu Daraja la Pili, wana vijana, wana ratiba. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini mchezaji wa Daraja la Pili akifikisha kiwango, wa kumlipa mshahara wa mwaka mzima yuko kwingine. Ryana MacDonald-Gay alikulia Kent; Desemba 2024 alicheza Test yake ya kwanza kwa England kule Bloemfontein, na msimu uliofuata alikuwa Surrey. Beaumont alishaondoka kabla yao wote. Mwaka 2023, kwenye Ashes, mashindano ya jadi ya England na Australia, alipiga mikimbio 208 dhidi ya Australia na kuwa Mwingereza wa kwanza mwanamke kufikisha 200 katika mechi moja ya Test. Alipiga wapi? Trent Bridge, nyumbani kwa Nottinghamshire, mojawapo ya zile nane. Binti wa Dover, nyumba ya wenyewe. Sisemi alihamishwa na uamuzi huu, alikwenda kwa hiari na mapema. Nasema tu kwamba njia ya kutoka Kent ilikuwa imeshachimbwa, na 2024 wakaitia lami.

Mcheza kwao hutuzwa, tunasema. Hawa walicheza kwao miaka yote hiyo, na wakati wa tuzo ulipofika, tuzo ikapita mlangoni kwenda kwa jirani.

Lakini kinachonikera zaidi ni jambo ambalo halihusu Kent peke yao. Kati ya 2025 na 2028 hakuna timu itakayopanda kwa kushinda wala itakayoshuka kwa kufungwa. Kent wanaweza kushinda kila mechi ya Daraja la Pili kwa misimu minne. Hakuna kitakachobadilika. Timu ya mwisho Daraja la Kwanza inaweza kupoteza zote, nayo itabaki palepale na milioni 1.3 yake.

Nimejaribu kuitetea kanuni hii nafsini mwangu, na si ngumu kuitetea. Fikiria mkurugenzi wa klabu anayetaka kuajiri wanawake kikosi kizima kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu yake. Ukimwambia kwamba mwakani anaweza kushuka na hela ikakatwa, atawapa mikataba ya miezi sita au hatawapa kabisa. Msichana mwenye miaka 22 anayeacha kazi ya benki kuja kucheza kriketi ana haki ya kujua kwamba kazi hiyo itakuwepo baada ya msimu mbaya. Wachezaji wa Durham, timu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikicheza madaraja ya chini, hawastahili kujifunza ulipwaji huku kisu kiko shingoni. Kwa mlango wa kutokea, kwa hiyo, nakubali: ufungwe, miaka minne si mingi.

Mlango wa kuingilia ndio siuelewi. Kuongeza timu hakumnyang'anyi mtu kazi. Na ECB wenyewe wameonyesha kwamba kuongeza kunawezekana, maana Yorkshire na Glamorgan wameongezwa, kwa tarehe, kwa barua, mezani. Kilichoshindikana ni nini hasa katika kusema nafasi ya kumi na moja itakwenda kwa atakayeishinda uwanjani? Ipo T20 ya Kombe la Kaunti iliyoanza 2025, ya mtoano, inayokutanisha timu za madaraja yote matatu. Huko Kent anaweza kupangwa na Surrey na akampiga. Ni jambo jema na nimefurahi lipo. Lakini ni la siku moja. Ukimpiga Surrey alasiri, jioni yeye anarudi Daraja la Kwanza na wewe unarudi Beckenham.

Kuna wanaosema michezo ya Marekani haina kupanda wala kushuka na inaendelea vizuri tu. Inaendelea, ndiyo, ila kule hakuna timu iliyokuwa na miongo ya mechi za ushindani, ikaambiwa siku moja kwamba kuanzia sasa matokeo yake ni mazoezi. Kriketi ya kaunti ya wanawake England ilikuwa na chama chake yenyewe tangu 1926. Kiliendeshwa na wanawake kwa michango yao hadi kilipojiunga na ECB 1998. Timu hizi zilikuwa na daraja la kwanza, la pili, la tatu. Walipanda na kushuka kwa miguu yao, wakati hakuna aliyekuwa akiwatazama. Ridhaa ilikuwa na ngazi. Ulipwaji ulipofika, ngazi ikaondolewa.

ECB wanaweza kuthibitika kuwa sahihi kwa mengi. Inawezekana 2028 ikifika Durham wawe wamejaza kikosi cha taifa, Somerset wawe na wasichana kila kijiji, na mtu akisoma makala hii aniulize nilikuwa nalalamika nini. Ningefurahi sana kuulizwa. Edwards mwenyewe tangu Aprili 2025 ndiye kocha wa timu ya taifa ya wanawake, na atachagua wachezaji kutoka popote walipo bila kuuliza kadi ya uanachama wa Kent. Timu yake ya taifa haitaumia sana kwa sababu ya mpango huu. Wachezaji wazuri watapatikana. Watasaini Surrey, au Essex, au Hampshire.

Atakayeumia hayuko kwenye orodha yoyote kwa sasa. Msichana aliyekuwa na miaka 12 pale Sandwich msimu wa 2025 ulipofunguliwa atakuwa na miaka 16 mwaka 2029, wakati mapema kabisa ambapo kaunti yake inaweza kufikiriwa tena. Ni umri aliokuwa nao Edwards alipoanza England, na Beaumont alipoanza Kent. Kama ni mzuri kweli na nyumbani kuna gari, atakuwa ameshahamia London. Kama ni mzuri kidogo tu, wa kiwango kile cha waliojaza kikosi cha mataji nane nyuma ya majina makubwa, atakuwa anacheza hoki.